Mama Julia Grant, bibi wa askari

Wamama wa kampu walitulaumu, na walikuwa na haki: katika ukurasa huu tunaandika kila mara juu ya wanaume. Basi leo tunaandika juu ya mwanamke. Si wa kwetu, ni wa Marekani, na alikufa zamani, mwaka 1902. Lakini njia aliyopita, kufuata bwana kazini, kukaa peke yake na watoto, kufilisika, kuuguza mgonjwa na kubaki mjane, wengi kati yenu wataitambua bila sisi kuwasaidia.

Jina lake la kuzaliwa ni Julia Dent. Alizaliwa tarehe 26 Januari 1826 karibu na mji wa St. Louis, katika jimbo la Missouri. Baba yake alikuwa na shamba kubwa liitwalo White Haven, na shamba lile lililimwa na watumwa weusi. Tunalisema mapema ili mtu asifikiri tunaficha. Julia alikua akipikiwa na kufuliwa na watu wasiolipwa hata senti moja, na hakuona ubaya. Tutarudi hapo.

Mwaka 1844 luteni kijana, Ulysses Grant, alianza kufika pale nyumbani. Alikuwa amesoma shule ya jeshi ya West Point pamoja na kaka yake Julia, na kambi yake ilikuwa karibu. Wakapendana. Mzee Dent hakufurahi: mshahara wa luteni ni mdogo, na bibi wa askari hana nyumba, leo huku, kesho kule. Halafu vita ya Mexico ikaanza. Uchumba ulichukua miaka minne, na katika miaka hiyo yote walionana mara moja tu. Barua njo zilishika ule uchumba usianguke. Walioana tarehe 22 Agosti 1848. Wazazi wa bwana hawakufika kwenye ndoa, kwa sababu baba yake alichukia utumwa na hakutaka urafiki na wenye watumwa. Kwa hiyo Mama Julia aliingia ndoa yake na wazee wawili wenye kinyongo, mmoja kila upande.

Mwaka 1852 jeshi lilimtuma Grant pwani ya Pasifiki, ngambo ingine ya nchi. Njia ilipita Panama, na mfereji ulikuwa haujachimbwa bado. Julia alikuwa na mtoto wa miaka miwili na mimba kubwa. Bwana akaamua abaki. Vizuri alibaki, maana kipindupindu kiliingia katika kile kikosi huko Panama na kuua watu wengi, askari na familia zao. Mtoto wa pili alizaliwa mwezi wa Julai, na baba yake hakumuona mpaka miaka miwili ilipopita. Mshahara wa jeshi haukutosha kuita familia. Bibi waliobaki Likasi wakati bwana anatafuta kazi Kolwezi wanajua urefu wa miaka ya namna hii. Habari za pombe zilimfuata Grant. Mwaka 1854 alijiuzulu jeshi na kurudi nyumbani bila kazi na bila pensioni.

Hapo njo njaa ilianza. Grant alikata miti akajenga kwa mikono yake nyumba ya magogo. Julia hakuipenda ile nyumba hata siku moja, lakini aliingia akapanga vyombo. Bwana aliuza kuni mu barabara za St. Louis, mtu aliyekuwa kapteni. Siku chache kabla ya Noeli ya 1857 aliweka saa yake rehani ili apate mafranga ya nyumbani. Mwanzoni mwa 1858 watoto walikuwa wanne: Fred, Ulysses mdogo, Nellie na Jesse.

Mwaka 1860 walihamia Galena, katika jimbo la Illinois, Grant akawa kama karani katika duka la ngozi la baba yake. Galena, wandugu, ni jina la jiwe la madini ya risasi, lile la kijivu lenye kungaa ambalo watu wa Kipushi walilishika. Mji ule ulizaliwa na mgodi. Kwa hiyo huyu mama alikaa pia katika mji wa wachimbaji, na alitoka pale wakati vita ilipoanza, mwaka 1861.

Grant alirudi jeshini akapanda haraka mpaka jenerali. Julia hakubaki kungojea barua. Alimfuata kambi kwa kambi, na watoto nyuma. Hata mwanzoni kabisa, Grant alipotaka kumrudisha nyumbani mtoto wao Fred wa miaka 11, Julia aliandika kwamba mtoto abaki na baba yake, kwa sababu Alexandre wa Masedonia naye alimfuata baba yake vitani akiwa mdogo. Sisi tusingeandika barua ya namna ile. Miaka miwili baadaye, kwenye kampeni ya Vicksburg, Fred alipigwa risasi ya mguu. Alipona. Mwezi wa Desemba 1862 Julia mwenyewe aliponea chupuchupu: aliondoka Holly Springs, katika jimbo la Mississippi, kumfikia bwana yake, na mara adui wakaingia mjini wakachoma gari lake.

Sasa turudi kwa watumwa. Julia alisafiri na mwanamke mweusi aitwaye Jule, aliyepewa na baba yake tangu utoto, na Jule aliangalia watoto. Fikirini: bwana anaongoza jeshi linalopiga wenye watumwa, na bibi anaingia kambini na mtumwa wake. Mwaka 1864, wakiwa safarini kurudi St. Louis, Jule aliogopa kwamba akifika Missouri atapoteza uhuru wake. Akashuka njiani akaenda zake, na muda mfupi baadaye akaolewa. Julia alisikitika kumkosa. Katika habari hii sisi tuko upande wa Jule, na wanaomsifu Mama Julia bila kumtaja Jule wanasema nusu ya habari.

Tarehe 14 Aprili 1865, siku chache baada ya ushindi, Raisi Lincoln aliwaalika wote wawili teatre usiku. Julia hakutaka. Hasira za bibi ya raisi alikuwa amezionja kambini, na alitamani kuona watoto wake waliokuwa New Jersey. Wakapanda treni. Usiku ule Lincoln alipigwa risasi pale teatre.

Kutoka 1869 mpaka 1877 Grant alikuwa raisi. Miaka minane hii tunaipita haraka, ni karamu na nguo. Julia aliipenda sana. Grant alipoandika barua ya kukataa muhula wa tatu, aliituma posta kwanza, kisha akamwambia bibi yake. Mwanaume huyu aliyeshinda vita aliogopa kesi ya nyumbani! Halafu walizunguka dunia zaidi ya miaka miwili, wakakaribishwa na wafalme.

Mwezi wa Mei 1884 kila kitu kilianguka. Grant alikuwa ameweka mali yake katika nyumba ya fedha ya New York pamoja na kijana aitwaye Ferdinand Ward, na Ward alikuwa mwizi. Ndani ya siku chache jamaa waliokula na wafalme walibaki na dolari karibu 200 nyumbani. Tajiri Vanderbilt alikuwa amewakopesha dolari 150,000. Grant alimpa panga zake za jeshi, medali na zawadi zote. Vanderbilt akataka kurudisha vitu hivyo kwa Julia, lakini viliishia kwa serikali. Deni ni deni, hata likipigwa na mwizi.

Kipindi kile cha matunda, Grant alikula tunda akasikia maumivu makali kooni. Ilikuwa kansere. Na hapa wajane wa kampu wasikilize vizuri: kwa sheria ya wakati ule raisi aliyetoka hakupata pensioni, na haki zake za jeshi alizipoteza alipokuwa raisi. Bunge lilimrudishia cheo na mshahara mwezi wa Machi 1885, wakati hawezi tena kumeza bila maumivu. Kwenye meza ya sendika tumeona karatasi mingi zinazofika hivyo.

Kwa hiyo Grant aliamua kuandika kitabu cha maisha yake ili bibi asibaki na mikono mitupu. Mwandishi Mark Twain alichukua kazi ya kukichapisha. Grant aliandika akiwa kwenye kiti, amefungwa kitambaa shingoni, sauti imekwisha. Alimaliza mwezi wa Julai, na tarehe 23 Julai 1885 alikufa. Julia hakuweza kwenda kwenye mazishi ya New York. Alibaki mlimani kwenye nyumba alipofia bwana yake. Mwezi wa Februari 1886 alipokea cheki ya dolari 200,000, na jumla ya kile kitabu ilipita 400,000. Bunge nalo lilimpa pensioni ya mjane, dolari 5,000 kwa mwaka.

Katika uzee alifanya urafiki na Varina Davis, mjane wa mkubwa wa upande ule ambao bwana yake aliushinda. Na Julia naye aliandika kitabu chake, wa kwanza kati ya bibi za maraisi wa Marekani kufanya hivyo. Kilichapishwa mwaka 1975, miaka 73 baada ya kifo chake.

Grant hakutaka kuzikwa West Point, kwa sababu kule Julia asingeruhusiwa kulala karibu naye. Walimjengea kaburi kubwa New York. Julia alikufa Washington tarehe 14 Desemba 1902, akiwa na miaka 76, akapelekwa pale. Masanduku yao ya mawe mekundu yako moja kando ya lingine.