ABUBAKAR AR-RAZI: TABIBU ALIYETENGANISHA NDUI NA SURUA



Katika somo la Tarehe, kila tukifika kwenye mlango wa tiba hutajwa jina la Ibn Sina. Lakini kabla Ibn Sina hajazaliwa alikuwepo tabibu mwingine ambaye vitabu vyake vilisomwa Mashariki na Ulaya kwa mamia ya miaka. Huyo ni Abubakar Muhammad bin Zakariya ar-Razi. Katika kazi zake nyingi tutaiangalia zaidi moja, inayotuhusu sisi tunaokalia jamvi moja na kulala chumba kimoja. Nayo ni elimu ya kuutambua ugonjwa kwa alama zake unapojitokeza kwenye ngozi.

Kuzaliwa na kusoma kwake

Ar-Razi alizaliwa mnamo mwaka 251 Hijria (865 Miladia) katika mji wa Rayy, karibu na ilipo Tehran ya leo, nchini Irani. Jina ar-Razi maana yake ni mtu wa Rayy. Inaelezwa kuwa ujanani alijishughulisha na muziki, kisha na elimu ya kimia, na tiba aliisoma akiwa ameshakuwa mtu mzima. Hata hivyo alifika mbali. Aliongoza hospitali ya Rayy, kisha akaongoza hospitali mjini Baghdad.

Kipo kisa mashuhuri kwamba alipotakiwa kuchagua kiwanja cha hospitali, aliagiza vipande vya nyama vitundikwe sehemu mbalimbali za Baghdad, akachagua pale nyama ilipochelewa kuoza. Wanatarehe wamehitilafiana juu ya kisa hiki, lakini kinafanana na tabia yake: alipenda kutazama na kujaribu kabla ya kukata shauri.

Darasa lake

Wanafunzi wake walikaa kwa safu. Mgonjwa akija, huwaeleza kwanza wale wa safu ya nje. Wakishindwa, hupelekwa kwa wa safu iliyo mbele yao, na wote wakishindwa ndipo Ar-Razi mwenyewe huzungumza. Alisifika kwa ukarimu na kwa kuwahurumia maskini. Aliandika kitabu maalumu kwa ajili ya mtu asiye na tabibu karibu yake, ndani yake mna dawa zinazopatikana jikoni na sokoni.

Kitabu cha ndui na surua

Zama hizo watoto wengi walishikwa na homa kisha wakatokwa na vipele mwili mzima. Wengine walikufa, wengine walipofuka, na wengine walibaki na makovu usoni maisha yao yote. Maradhi yalikuwa mawili, judari (ndui) na hasba (surua), lakini watu waliyachanganya. Ar-Razi aliyaandikia kitabu chake, Kitab al-Judari wal-Hasba, nacho kinahesabiwa kuwa cha zamani zaidi tulicho nacho kinachoyaeleza kwa kirefu na kuonyesha tofauti zake.

Aliangalia hata siku zile ambazo vipele havijatoka. Mwenye ndui, alieleza, huwa na homa isiyoachia, maumivu makali ya mgongo, muwasho puani na kushtuka usingizini. Mwenye surua huzidiwa na kichefuchefu na dhiki ya moyo, na mgongo haumuumi sana. Vipele vikitoka, vya surua ni vyekundu, havinyanyuki juu ya ngozi na hutoka kwa pamoja. Vya ndui ni vya mviringo, hunyanyuka, na hutoka kidogo kidogo.

Vilevile alihimiza mgonjwa aangaliwe macho, koo na masikio mapema, kwa kuwa alijua upofu huingia kwa mlango huo.

Je, alipatia kila kitu? Hapana. Alidhani ndui inatokana na kuchemka kwa damu ya mtoto. Leo tunajua kuwa ndui na surua kila moja ina kirusi chake, na huambukiza kutoka mtu hadi mtu. Darubini haikuwepo zama zake. Alichokuwa nacho ni macho, mikono na subira, na kwa hivyo alama alizoziandika zilidumu hata pale maelezo yake ya sababu yalipoachwa. Katika falsafa pia wanazuoni walimpinga vikali, akiwemo Abu Hatim ar-Razi wa mji wake huo huo. Hayo yana mahali pake, hapa tunazungumzia tiba.

Mwisho wa ndui

Kitabu chake kilifasiriwa kwa Kilatini, na mwaka 1848 kikatoka kwa Kiingereza. Mtu wa mwisho kupata ndui kwa njia ya kawaida alikuwa mpishi wa hospitali katika mji wa Merka, pwani ya Somalia, mwaka 1977, naye alipona. Mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kuwa ndui imetoweka duniani kwa sababu ya chanjo. Surua bado ipo, na bado inaua watoto wasiochanjwa.

Sisi tufaidike nini?

Faida kubwa ni hii: usitibu kabla hujatambua. Wengi wetu tukiona kipele chochote tunakiita upele, kisha tunapaka dawa aliyotumia jirani. Zingatia tofauti hizi:

Upele wenyewe huwasha zaidi usiku, hukaa baina ya vidole, kwenye viganja na kiunoni. Unaletwa na wadudu wadogo sana wanaochimba ngozi. Wanaolala chumba kimoja watibiwe wote siku moja, na nguo na mashuka yafuliwe kwa maji ya moto. Akitibiwa mmoja peke yake, utarudi.

Choa huwa duara lenye ukingo ulionyanyuka, na katikati ngozi huonekana imepona. Huletwa na fangasi. Baadhi ya krimu za dukani hutuliza muwasho lakini huacha fangasi wakaenea chini yake, kwa hiyo uliza kwanza kituo cha afya.

Tetekuwanga hutoa malengelenge yenye maji, mapya na ya zamani yakiwa pamoja mwilini.

Surua huanza na homa, kikohozi, mafua na macho mekundu, kisha vipele huanzia usoni na nyuma ya masikio vikashuka mwilini. Huyu apelekwe hospitali haraka. Hupewa vitamini A ili kuyalinda macho yake. Msimtie machoni dawa yoyote ya kienyeji, kwani wako waliopofushwa na dawa si na ugonjwa. Na kinga yake ni chanjo, ambayo hapa Tanzania na Kenya hutolewa mtoto akiwa na miezi 9 na tena miezi 18.

Wala asichekwe mwenye upele au choa. Anayechekwa huficha, na anayeficha huwaambukiza wenzake wote.

Kufa kwake

Ar-Razi aliandika mpaka macho yake yakamchoka, na mwisho wa umri wake akapofuka. Yule aliyewahimiza watu wayalinde macho ya watoto alimaliza siku zake bila ya kuona. Alifariki Rayy mnamo mwaka 313 Hijria (925 Miladia). Karatasi zake zilibaki kwa dada yake. Zikanunuliwa na waziri Ibn al-Amid, na wanafunzi wake wakazipanga zikawa kitabu kikubwa cha al-Hawi, ambacho kilifasiriwa kwa Kilatini mwaka 1279.

Basi, ndugu mwanafunzi, mwenzako akijikuna usiku, usimhame wala usimcheke. Tazama, uliza, kisha mfuatane kwa anayejua.

Wabillahi tawfiq.