Wangari Maathai na Nafasi ya Mwanamke Chuoni

Marehemu Profesa Wangari Muta Maathai alizaliwa tarehe 1 Aprili 1940 katika kijiji cha Ihithe, Nyeri. Wengi humkumbuka kwa miti na kwa Tuzo ya Nobeli ya Amani ya mwaka 2004. Usomi wake hutajwa kwa sentensi moja, kisha msimulizi hukimbilia msituni.

Aliingia shuleni kwa sababu kaka yake, Nderitu, alimwuliza mama yao ni kwa nini binti huyo abaki nyumbani. Kutoka Ihithe alipitia Mathari, Nyeri, na Loreto Limuru, kisha akasomea biolojia Marekani hadi shahada ya uzamili. Mwaka 1966 alirejea Nairobi akiwa ameahidiwa kazi chuoni katika zuolojia, akakuta nafasi hiyo amepewa mtu mwingine. Aliyempokea ni Profesa Reinhold Hofmann, Mjerumani, katika anatomia ya mifugo. Tasnifu yake kuhusu ukuaji wa tezi za uzazi za ng'ombe ilimpatia uzamifu mwaka 1971, akiwa mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kufikia daraja hiyo. Mwaka 1976 alikuwa mkuu wa idara. 1977, profesa mshiriki.

Vyeo hivyo havikumpa haki sawa. Mhadhiri wa kike aliyeolewa alichukuliwa kuwa mtu wa kutunzwa na mumewe, hivyo marupurupu kamili, kama ya nyumba, yalikuwa ya wanaume. Wangari na mwanabiokemia Vertistine Mbaya walidai masharti sawa. Wakapewa wao wawili, wenzao wakaachwa. Ushindi wa ajabu, kana kwamba walihesabiwa kuwa wanaume. Baada ya talaka ya mwaka 1979, mumewe alimtaka aache jina la Mathai, ambalo tayari lilimtambulisha katika taaluma. Akaongeza irabu moja tu, akaendelea na kazi.

Mwaka 1982 alijiuzulu ili agombee ubunge Nyeri. Akazuiwa kwa hoja ya usajili wa wapiga kura, na alipoomba kurudi chuoni aliambiwa nafasi imekwisha kujazwa. Akaamriwa kuhama nyumba ya chuo pia. Ndipo alipojitoa kikamilifu kwa Harakati ya Ukanda wa Kijani, aliyoianzisha mwaka 1977.

Mwaka 2010 Chuo Kikuu cha Nairobi kilianzisha taasisi ya amani na mazingira yenye jina lake. Alifariki tarehe 25 Septemba 2011.