Nahodha Ali Najdi na swali la chombo imara



Mimi ni mtu wa Pwani, ila riziki imeniweka Machakos huu mwaka wa sita. Huku hakuna bahari, lakini kuna Bwawa la Masinga, na kwenye bwawa kuna wavuvi. Mwezi jana vijana wa kikundi kimoja cha huko waliniuliza, kwa kuwa mimi ni Mswahili na kwao kila Mswahili ni baharia, ati boti ya kampuni gani ndiyo imara. Wanataka ya tanga kwa sababu petroli imewashinda. Pesa wamechanga miaka miwili, na picha za boti za faiba za chapa tatu wanazo kwenye simu. Mmoja wao alishampoteza ndugu yake majini, kwa hivyo swali lile halikuwa la mchezo.

Jina la kampuni sikuwapa. Niliwapa kisa cha mtu mmoja, na leo nawapa na nyinyi.

Ali bin Nasir Najdi alizaliwa Kuwait mwanzoni mwa karne ya 20, katika jamaa ya watu wa baharini. Kuwait ya wakati ule haikuwa na mafuta. Ilikuwa na lulu, tende za Basra zilizopita mikononi mwake, na majahazi. Kijana alipanda chomboni mapema, akajifunza kazi kwa mikono, na bado angali kijana akawa nahodha wa bumu lililoitwa Bayan.

Wazee wetu wa Mombasa na Lamu waliyajua mabumu haya. Yalishuka na kaskazi, yakajaa Bandari ya Kale, kisha yakarudi na kusi yakiwa yamesheheni boriti za mikoko. Nyumba za Kuwait ziliezekwa kwa boriti zetu, na upana wa vyumba vyao ulifuata urefu wa mti wa Rufiji na Lamu.

Mwezi wa Disemba 1938, huko Aden, Mwaustralia aitwaye Alan Villiers alipanda Bayan. Huyu hakuwa mtalii. Alikuwa ameshaizunguka dunia na merikebu yake mwenyewe ya matanga, Joseph Conrad, kati ya 1934 na 1936. Alijua mbao, kamba na milingoti. Akakaa na Najdi karibu nusu mwaka: Aden, pwani ya Hadhramaut ambako walipakia abiria zaidi ya mia, Mogadishu, Lamu, Mombasa, Unguja, delta ya Rufiji, kisha Maskati na mpaka Kuwait. Mwaka 1940 akatoa kitabu, na jina la Najdi likajulikana duniani.

Kwenye safari ile ndipo swali la vijana wa Masinga lina jibu. Bandari za wakati huo zilikuwa soko la vyombo vya kila aina, na kila mji ulikuwa na sifa yake. Bagala lilikuwa na tezi pana iliyonakshiwa, likapendeza macho, lakini gharama yake ilikuwa kubwa kulijenga na kulitunza. Mtepe wa kwetu, ulioshonwa kwa kamba za nazi, ulijikunja ukigonga mwamba badala ya kupasuka, ila ulivuja na kutaka kushonwa upya kila mara. Kufikia miaka ile ulikuwa umekaribia kutoweka. Bumu la Kuwait lilichongoka omo na tezi, halikuwa na nakshi nyingi, na ndilo lililoshinda safari ndefu.

Lilishinda kwa sababu ya yale ambayo mnunuzi hayaoni. Mbao zake zilikuwa za msaji kutoka Malabar, mti ambao mafuta yake huzuia kuoza. Mataruma yalikatwa kwenye miti iliyopinda yenyewe, ili nyuzi za mti zifuate mpindo. Misumari ilizungushiwa nyuzi zilizotiwa mafuta ili maji yasipenye. Kisha ikaja kazi isiyoisha: kukalafati kwa pamba, kupaka sifa juu, na kila chombo kilipopwelewa, kupaka deheni chini ili wadudu wasitoboe. Mabaharia wa Najdi walifanya kazi hii kwa mikono yao, na wao ndio waliolala ndani ya chombo hicho usiku wa tufani.

Tena nahodha huyu hakuwa tajiri. Mabaharia walipata fungu la faida, si mshahara, na manahodha wengi walibeba deni la wafanyabiashara msimu hadi msimu. Chombo kikizama, deni halizami. Mtu wa namna hiyo hanunui rangi.

Nikawaambia vijana, basi na nyinyi muikague faiba kwa jicho la Najdi. Ziko kampuni zinazotoa boti nyingi kwa bei nafuu, kama Beneteau ya Ufaransa, na ziko kama Hallberg-Rassy ya Sweden zinazotoa chache kwa bei ghali. Zote zina wateja wao. Lakini boti iliyo mbele yenu, igongeni kwa kifundo cha kidole mahali baada ya mahali: sauti ikibadilika ikawa butu, huenda matabaka yameachana au maji yameingia. Fungueni sakafu muangalie mkuku umeshikwaje. Tazameni pale sitaha inapokutana na ubavu, na pale mlingoti unaposimama. Muulizeni muuzaji nani ataitengeneza ikiharibika, na wapi. Boti nzuri isiyo na fundi wa karibu ni kuni za kesho.

Mafuta ya Kuwait yalianza kusafirishwa 1946, na misimu ya mabumu ikafifia. Najdi alizeeka akiona vijana wakienda ofisini badala ya baharini. Bahari yeye hakuiacha. Mwezi wa Februari 1979, akiwa na umri wa karibu miaka 70, alitoka na rafiki zake kwenda kuvua, dhoruba ikawakuta, na maji aliyoyazoea tangu utotoni yakamchukua. Mwandishi wa Kuwait, Taleb Alrefai, aliiandikia riwaya siku yake ile ya mwisho. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Kifo chake hakifuti ustadi wake. Kinatukumbusha kwamba ngamia hufungwa kwanza, kisha ndipo mtu akatawakali. Vijana wa Masinga wameahirisha kununua mpaka wampate fundi wa kwenda naye. Nimewaunganisha na mzee mmoja wa Lamu aliyejenga mashua maisha yake yote. Nauli yake wameshaitenga kwenye zile pesa za boti.