Hernando R. Ocampo: mchoraji aliyejitungia kanuni zake

Hernando Ruiz Ocampo alizaliwa tarehe 28 Aprili 1911 huko Manila, Ufilipino ikiwa bado koloni la Marekani. Nchini kwake anahesabiwa miongoni mwa waanzilishi wa uchoraji wa kisasa, ingawa hakupita katika shule yoyote ya sanaa. Wanafunzi wa lugha wana sababu ya pekee ya kumjua: kabla ya kushika rangi alishika maneno.

Alisoma sheria, kisha biashara, kisha uandishi. Katika miaka ya 1930 alijiunga na kundi la waandishi vijana lililoitwa Veronicans, akatunga hadithi fupi kwa Kiingereza, lugha iliyoingia Ufilipino kwa njia ya shule za mkoloni. Wakati huohuo alikuwa akijifundisha kuchora.

Wanunuzi wa picha wa siku hizo walimpenda Fernando Amorsolo, aliyechora mashamba ya mpunga yenye jua na wasichana wenye tabasamu. Victorio Edades, aliyerudi kutoka masomoni Marekani mwaka 1928, alipinga uzuri huo wa kubembeleza, na baadaye Ocampo akawa mmoja wa wasanii 13 wa kundi lake. Picha zake za mwanzo zilionyesha kile ambacho jua la Amorsolo halikukigusa: vibarua, maskini na mitaa yao.

Mwaka 1945 vita kati ya Wajapani na Wamarekani viliubomoa mji wa Manila. Baada ya hapo Ocampo, pamoja na Vicente Manansala, Cesar Legaspi na wenzao wengine, walijulikana kama wanauhalisia wapya. Polepole watu wakatoweka katika picha zake. Yakabaki maumbo yanayoshikana na kupindana kama majani, ndimi za moto au chembe hai zinazozaliana, yakiwa na rangi kali nyekundu, za machungwa, za njano na kijani.

Anayeziona picha hizo mara ya kwanza hudhani zilimwagika tu kutoka moyoni. Sivyo. Ocampo alianza kwa kuchora mistari, akaigawa picha katika vipande vidogo. Kila rangi aliipa namba, kila kipande akakiandikia namba yake, ndipo akajaza. Kazi yote ilikuwa imekwisha kupangwa kabla brashi haijalowa.

Mchoro wake maarufu, Genesis, ni wa mwaka 1968. Ulitumika kufumia pazia kubwa la jukwaa kuu katika Kituo cha Utamaduni cha Ufilipino, kilichofunguliwa Manila mwaka 1969. Alifariki tarehe 28 Desemba 1978, na mwaka 1991 akatunukiwa cheo cha Msanii wa Taifa.

Mara nyingi neno «aliyejifundisha» husemwa kwa kudharau kidogo, kana kwamba asiye na diploma hubahatisha. Sisi wa isimu hatupaswi kudanganyika. Bibi kijijini hajasoma ukurasa mmoja wa sarufi, lakini ngeli za lugha yake hazimpotezi hata mara moja. Kanuni anazo, ila hakupewa na mwalimu. Ocampo naye alikuwa nazo, tena aliziandika kwa namba juu ya turubai.