Alice Stebbins Wells (1873–1957): Mtumishi Aliyevaa Beji ya Polisi

Alice Stebbins Wells alizaliwa mwaka 1873 katika jimbo la Kansas, nchini Marekani. Alisoma theolojia huko Hartford, akatumika kama msaidizi wa mchungaji na kuhubiri, wakati ambapo makanisa mengi hayakumruhusu mwanamke kusimama mimbarani. Baadaye alihamia Los Angeles, akiwa mke na mama wa watoto.

Katika jiji hilo lililokuwa likikua kwa kasi, polisi walishughulika zaidi na kukamata waliokwisha kukosa. Wells aliamini kwamba ni heri kumzuia kijana asianguke kuliko kumwadhibu akiisha kuanguka, na kwamba wapo wasichana ambao shida zao wangeweza kuzieleza kwa mwanamke tu. Kwa hiyo alikusanya saini za raia wapatao mia moja, akaomba mwanamke apewe mamlaka kamili ya polisi. Ombi lilikubaliwa, naye akaapishwa tarehe 12 Septemba 1910. Marie Owens alikuwa amemtangulia huko Chicago tangu mwaka 1891, na Lola Baldwin huko Portland mwaka 1908. Lakini katika polisi ya Los Angeles yeye alikuwa wa kwanza.

Hakupewa silaha, na sare yake aliishona mwenyewe. Wachora vibonzo walimdhihaki. Askari walisafiri kwa tramu bila nauli, lakini alipoonyesha beji alidhaniwa ametumia ya mumewe, hata ikabidi atengenezewe beji ya polisi mwanamke. Hata hivyo aliendelea kuzungukia kumbi za dansi na majumba ya sinema, akiwalinda vijana na kuwasikiliza wazazi waliopotelewa na watoto. Hatimaye iliagizwa kwamba wasichana wahojiwe na polisi wanawake peke yao.

Mwaka 1915 alianzisha chama cha kimataifa cha polisi wanawake, akawa rais wake wa kwanza. Alisafiri miji mingi akiihimiza iajiri wanawake, na mingi ikafanya hivyo.

Alistaafu mwaka 1940, baada ya miaka 30 ya kazi, akafariki mwaka 1957. Katika mazishi yake alihudhuria mkuu wa polisi wa jiji, na askari kumi, wote wanawake, walisimama kumpa heshima ya mwisho.