Adrien Atiman, Mganga wa Karema

Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, mkabala wa Mpala, iko misioni ya zamani iitwayo Karema. Siku hizi ni nchi ya Tanzania. Mtu akitoka Lubumbashi kwenda huko, ana safari ndefu. Hapo Karema aliishi mganga mmoja Mwafrika kwa miaka 67, akiuguza wagonjwa. Jina lake Adrien Atiman.

Hakuwa mwenyeji wa pande zile. Alizaliwa mbali sana, magharibi ya Afrika, katika kijiji cha Tundurma kando ya mto Niger, karibu na mji wa Timbuktu. Mwaka wa kuzaliwa kwake haukuandikwa. Hudhaniwa kuwa 1866 au karibu na hapo. Angali mtoto mdogo, Watuareg wakamwiba, wakamwuza. Akavushwa jangwa la Sahara pamoja na watumwa wengine, akafika nchi ya Algeria. Huko Mapadri Weupe, ambao shirika lao lilianzishwa na Askofu Lavigerie mwaka 1868, wakamkomboa kwa fedha, wakamweka shuleni. Mama yake alibaki upande wa pili wa jangwa.

Lavigerie alikuwa na shauri lake. Aliona kwamba Wazungu waliotumwa Afrika ya kati hufa upesi kwa homa, na tena hawajui maisha ya watu. Basi akataka vijana wa Kiafrika wasomeshwe uganga wa kweli, wapewe na mafundisho ya dini, halafu warudi Afrika kuishi na wenzao: kula chakula chao, kusema lugha yao, kuoa kwao. Mwaka 1881 akafungua shule kwa ajili hiyo katika kisiwa cha Malta. Atiman alikuwa mmoja wa wanafunzi wa kwanza. Alisoma huko miaka saba.

Mwaka 1888 akapanda meli kwenda Zanzibar. Kutoka pwani, msafara ulikwenda kwa miguu, zaidi ya kilometa 1000, wapagazi wakibeba masanduku vichwani. Mwaka 1889 akafika Karema. Palikuwa na boma lililojengwa na Wabelgiji mwaka 1879, nao walikuwa wamewaachia Mapadri mwaka 1885. Biashara ya watumwa ilikuwa haijakoma kando ya ziwa lile. Mapadri walikuwa wakikomboa watoto, na watoto hao walifika wamekonda, miguu imejaa vidonda. Aliyewaosha vidonda hivyo alikuwa mtu aliyewahi kuuzwa mwenyewe. Bila shaka hakuhitaji kuelezwa wametoka katika mateso gani.

Huko Karema akaoa. Mkewe aliitwa Agnes Wansahira, binti wa mtemi wa Wabende. Kwa ndoa hiyo mgeni akawa mkwe wa nchi, na watu hawakumwona tena kama mtu wa boma tu.

Kazi ya mganga wa misioni siku zile haikuwa kama kazi ya hospitali kubwa ya leo. Hapakuwa na gari wala umeme. Dawa zilitoka Ulaya, zikavuka bahari, kisha zikaletwa na wapagazi. Sanduku likichelewa, miezi ilipita bila kwinini. Kwa hiyo Atiman hakudharau miti ya nchi. Alijifunza majani na mizizi waliyotumia wazee, akayatumia pamoja na elimu ya Malta. Kulikuwa na homa, kulikuwa na ndui, na mwanzoni mwa karne ya 20 malale iliua watu wengi katika pwani za ziwa. Mtu aliyeumwa na mamba au aliyejeruhiwa na mnyama porini aliletwa kwa machela. Tena, baada ya kazi ya dawa, palikuwa na kazi ya kufundisha katekismo, maana alikuwa mganga na mwalimu wa dini pamoja.

Mvua za masika zikikoma, kipupwe hukaribia. Watoto wa Lubumbashi wanaijua baridi ya mwezi wa sita, kwa kuwa mji wao uko juu, mita 1200 hivi kutoka usawa wa bahari. Karema iko chini zaidi, karibu mita 800, na baridi yake si kali hivyo; lakini upepo wa kusi huvuma ziwani, na usiku watu hujifungia ndani, moshi umejaa, wakubwa na wadogo wakilala pamoja. Hapo ndipo kifua na kichomi huenea kutoka mtu hata mtu. Siku hizo dawa ya kuua kichomi haikuwapo. Penisilini ilianza kutumiwa na madaktari katika miaka ya 1940 tu. Mganga aliweza kufanya nini? Kumfunika mgonjwa, kumnywesha kidogo kidogo, kumwinua apumue, kukesha naye. Wengine walipona, wengine hawakupona. Uuguzi wa namna hiyo hauonekani sana, wala hausifiwi kama kazi ya kisu.

Serikali zikabadilika mbele yake. Alikuta nchi inaingia mikononi mwa Wadachi. Mwaka 1916, katika vita kuu, askari wa Kongo walivuka ziwa na kuitwaa Karema. Baadaye wakaja Waingereza. Wagonjwa walimkuta Atiman pale pale.

Nyumbani, yeye na Agnes walipata mwana, Joseph. Kwa desturi, mwana wa kiume huendeleza ukoo. Na Atiman alikuwa mtu asiyekuwa na ndugu hata mmoja katika nchi ile. Joseph akataka kuwa padri. Wazazi walimwachia, naye akapewa upadri mwaka 1923. Wajukuu kwa mwana huyo hawangetazamiwa tena.

Atiman alipewa nishani na wakubwa wa dini na wa serikali. Mwaka 1946 habari za maisha yake, zilizoandikwa naye mwenyewe, zilichapwa katika gazeti la wataalamu huko Tanganyika. Ndiyo maana tunajua mambo ya jangwa na ya Malta. Kwao, kando ya mto Niger, hakurudi kukaa tena.

Alikufa Karema mwezi wa Aprili 1956, umri wake ukiwa karibu miaka 90. Masika yalikuwa yanakwisha, na majira ya kifua na kichomi yalikuwa yanaanza tena vijijini.