Harvey Cushing na siri ya ndevu za mwanamke

Kuna maradhi ambayo mtu huyasema barazani, na kuna ambayo huyafungia chooni. Mwanamke anayeota ndevu kidevuni, au nywele nzito kifuani na tumboni, yumo katika kundi la pili. Kwetu Pwani atanyoa alfajiri kabla watu hawajaamka, au atabandua kwa sukari iliyopikwa na ndimu, kisha ajitande mtandio. Huku bara nilipo, Turbo, mji mdogo ulio kwenye barabara kuu ya kutoka Eldoret kwenda Webuye, hali si tofauti: wembe, kioo kidogo na kimya. Wengine watasema ni jini, wengine watasema ni hasidi, na wasio na haya watamwita jikedume.

Leo, msomaji wangu, nataka tumtazame daktari mmoja aliyefariki zamani. Maisha yake yatatusaidia kuelewa kwa nini nywele hizo huota, na kwa nini kunyamaza si dawa. Jina lake ni Harvey Cushing.

Cushing alizaliwa tarehe 8 Aprili 1869 katika mji wa Cleveland, jimbo la Ohio, Marekani. Alikuwa mtoto wa kumi na kitinda mimba wa nyumba yao. Udaktari ulikuwa urithi: baba yake alikuwa daktari, babu yake daktari, na baba wa babu yake pia. Alisoma Yale, kisha akaingia chuo cha udaktari cha Harvard alikohitimu mwaka 1895.

Akiwa bado mwanafunzi alipewa kazi ya kumlaza mgonjwa kwa etha ili afanyiwe upasuaji. Mgonjwa yule alimfia mikononi. Kijana aliumia sana, na akafikiria kuuacha udaktari kabisa. Hakuuacha. Yeye na mwenzake, Ernest Amory Codman, wakaanza kuandika kwenye karatasi mapigo ya moyo na pumzi za mgonjwa muda wote wa upasuaji, ili hatari ionekane mapema. Hapo ndipo ilipoonekana tabia iliyomfuata maisha yote: kuandika kila alichokiona kwa mgonjwa, hata kile ambacho maana yake bado haijulikani.

Mwaka 1896 alikwenda hospitali ya Johns Hopkins, mjini Baltimore, kujifunza chini ya mpasuaji mashuhuri William Halsted. Kisha akazuru Ulaya. Mwaka 1901, katika mji wa Pavia nchini Italia, aliona kifaa kilichobuniwa na daktari Scipione Riva-Rocci: mkanda wa kufungwa mkononi na kujazwa upepo ili kupima presha ya damu. Akakichora, akarudi nacho kwao, na akawahimiza madaktari wenzake wakitumie. Kwa hivyo ukifungwa mkanda wa presha leo katika zahanati ya Turbo, Likoni au Lamu, ujue Cushing ni mmoja wa waliokieneza kifaa hicho.

Wakati ule kupasua kichwa kulikuwa karibu sawa na kumuaga mgonjwa. Wengi walikufa mezani au siku chache baadaye. Cushing akaifanya kazi hiyo kwa utaratibu na subira, akizuia damu kidogo kidogo, saa nyingi bila haraka, hadi vifo vikapungua sana. Anahesabiwa kuwa mwanzilishi wa upasuaji wa ubongo wa kisasa. Kufikia mwaka 1931 alikuwa amefikisha upasuaji wa uvimbe wa ubongo 2,000.

Katika kazi hiyo akavutiwa na tezi moja ndogo iitwayo pituitari. Ukubwa wake ni kama punje ya njegere, nayo imejificha chini ya ubongo, nyuma ya pua. Udogo wake usikudanganye. Tezi hiyo hutoa homoni, yaani ujumbe unaosafiri ndani ya damu, na ujumbe huo huziamrisha tezi nyingine: ya shingoni, zile mbili za adrenali zilizokaa juu ya figo, na ovari zinazotunza mayai ya uzazi. Mkubwa huyu akiharibika, walio chini yake wote huharibikiwa.

Mwaka 1910 akaletewa msichana wa miaka 23 aliyetoka New York. Katika maandishi ya udaktari anajulikana kama Minnie G. Uso wake ulikuwa umevimba na kuwa duara, tumbo limejaa mafuta, lakini mikono na miguu ilikuwa myembamba. Ngozi ya tumbo ilikuwa na michirizi ya zambarau, na iliingia madoa ya damu kwa kuguswa tu. Presha ilikuwa juu. Hedhi ilikuwa imekatika kwa miaka. Na uso na mwili ulikuwa umeota nywele.

Daktari wa haraka angetibu kimoja na kuacha vingine: mafuta ya ngozi kwa michirizi, dawa ya kichwa kwa maumivu, na nywele angemwachia mwenyewe na aibu yake. Cushing aliyaweka yote pamoja. Aliona kwamba nywele, hedhi, presha na unene ule si magonjwa manne bali ni kisa kimoja, na kwamba chanzo kimo katika tezi. Ni tezi ipi hasa, hakujua. Mwaka 1912 alichapisha kitabu chake kuhusu tezi ya pituitari, na ndani yake akakieleza kisa cha Minnie akiwa ameliacha wazi swali la chanzo chake.

Swali lile lilikaa miaka 20. Katikati yake akahamia Boston, katika hospitali ya Peter Bent Brigham. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokuja alikwenda Ufaransa kutibu majeruhi wa vichwa. Mwaka 1926 akatunukiwa tuzo ya Pulitzer kwa kitabu alichoandika juu ya maisha ya mwalimu wake, Sir William Osler. Mwaka huo huo mwanawe mkubwa, William, alifariki katika ajali ya gari. Waliofanya kazi naye wanamkumbuka pia kama mtu mgumu, mkali kwa wasaidizi wake. Lakini faili za wagonjwa wake hakuzitupa.

Mwaka 1932 alikusanya visa 12 vinavyofanana, cha Minnie kikiwemo, na akatoa hoja kwamba uvimbe mdogo sana ndani ya pituitari ndio unaoweza kuleta hali ile. Minnie mwenyewe alikuwa angali hai. Leo ugonjwa huo unaitwa kwa jina la Cushing. Waliokuja baada yake walithibitisha kuwa kinachozidi mwilini ni kotisoli, homoni ya tezi za adrenali. Inaweza kuzidi kwa sababu ya pituitari, au kwa uvimbe wa adrenali zenyewe. Na pamoja na kotisoli, adrenali zikichochewa huweza kumwaga homoni za kiume kupita kiasi. Hapo ndipo ndevu zinapotokea.

Tuelewane hapa. Kila mwanamke ana homoni za kiume kidogo, zinazotoka kwenye ovari na adrenali. Zikizidi, au vishina vya nywele vikiwa vepesi kuziitikia, malaika laini ya usoni hugeuka nywele nene nyeusi. Mwanamke hajageuka mwanamume, na hakuna aliyemroga. Ziko pia koo ambazo wanawake wake wana nywele nyingi kwa asili tu, hedhi zao hazina kasoro na miili yao haina ugonjwa. Wala kunyoa hakuzifanyi nywele ziwe nene, kama tunavyoambiwa.

Ugonjwa wa Cushing ni nadra. Sababu iliyo kubwa zaidi ilielezwa miaka mitatu tu baada ya maandishi yake. Mwaka 1935 madaktari wa Chicago, Irving Stein na Michael Leventhal, walieleza habari za wanawake saba waliokosa hedhi na ambao ovari zao zilikuwa kubwa, zimejaa vifuko vidogo vidogo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa hali hiyo inawapata wanawake 6 hadi 13 katika kila 100 walio katika umri wa kuzaa, na wengi wao hawajui. Dalili zake ni hedhi ya kusuasua, chunusi, nywele zisizotakiwa, na mara nyingi shida ya kushika mimba. Inakwenda pamoja na hatari ya kisukari. Ni wangapi kwetu wamezungushwa na dawa za mchango miaka na miaka, na kumbe hakuna aliyewahi kuwapima damu wala ovari?

Na kuna jambo jingine linalotuhusu moja kwa moja. Dalili zile za Minnie, uso wa duara na ngozi iliyochakaa, leo zinaweza kununuliwa dukani. Vidonge vya kunenepesha vinavyouzwa kisirisiri mara nyingi huwa na deksamethasoni, na krimu nyingi za kujichubua huwa na dawa za jamii hiyo hiyo ya steroidi, ambazo hufanya kazi kama kotisoli. Bibi harusi hupewa apendeze, uso ukajaa, watu wakasifu. Baada ya muda ngozi hukonda, presha na sukari hupanda, na vinyweleo huota usoni pale pale alipokuwa akipaka. Aliyetumia vidonge hivyo kwa muda mrefu asiviache ghafla peke yake, kwa sababu adrenali zake zinaweza kuwa zimelala na akaanguka. Amwone daktari ampunguzie taratibu.

Cushing mwenyewe alimaliza siku zake Yale, na akafariki tarehe 7 Oktoba 1939 kwa maradhi ya moyo, akiwa na umri wa miaka 70. Mwili wake ulipochunguzwa, ndani ya ubongo wake kulikutwa uvimbe mdogo. Mtu aliyetumia maisha yake kuwatafutia wengine uvimbe vichwani alikuwa na wake, na hakuujua.

Wahenga walisema mficha uchi hazai, na katika jambo hili methali hiyo ni kweli neno kwa neno. Mama, dada, shangazi, ukienda hospitali usipeleke nusu ya habari. Sema nywele zilianza lini na wapi. Sema hedhi yako ikoje. Sema uzito, presha, sukari, na kila kidonge na krimu unayotumia, hata ile uliyopewa na somo wako. Zikiwa nywele zimekuja kwa kasi ndani ya miezi michache, na sauti imekuwa nzito au nywele za kichwani zinapukutika kama za mwanamume, usingoje. Vipimo vya damu na picha ya ovari vinapatikana katika hospitali kubwa: aliye huku Turbo ana ya rufaa ya Moi mjini Eldoret, na aliye Mombasa ana Coast General. Tiba zipo, za homoni na za kuondoa nywele zenyewe, ila nyingine hazifai kwa mjamzito, ndiyo maana hazinunuliwi kwa kusikia.

Nanyi waume na mama wakwe, mkimwona mwenzenu ana ndevu, msimcheke. Mshikeni mkono mwende naye kwa daktari.